Uhuru Ulioishia Kizingitini

Jino la kwanza la utoto lilimng'oka Jilfidan akiwa tayari ni mali ya mtu. Binti yake, Sayyida Salme, alipokuwa Ujerumani akiandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, hakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Alichokuwa nacho ni habari ya lile jino. Kwa kuwa lilimng'oka ndani ya nyumba ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, Salme alikadiria kwamba mama yake alifikishwa pale akiwa na miaka saba au minane.

Yaliyotangulia aliyapokea kwa mama yake vipande vipande. Jilfidan alikuwa Mcherkesi, mtoto wa mkulima wa huko Kaukazi, na nyumbani kwao walikuwa watoto watatu. Vita vilipoingia, familia ikajificha chini ya ardhi. Wavamizi wakawagundua, wakawaua baba na mama, kisha wapanda farasi watatu wakachukua watoto watatu, kila mmoja na wake. Mdogo wao wa kike, wa kama miaka mitatu, alikuwa akimlilia mama. Jilfidan alimsikia njia nzima mpaka jioni, ndipo wakapotezana. Hakupata kumwona tena.

Nimeanza na yeye makusudi. Wengi wetu tukisikia utumwa wa pwani, kinachotujia ni msafara, mnyororo, na wanaume wenye pembe za ndovu mabegani. Nenda Mkunazini, mjini Unguja, pale lilipokuwa soko la watumwa, utaikuta sanamu ya Clara Sörnäs iliyowekwa mwaka 1998: watu wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni. Wageni wanapiga picha, wanasikitika, wanaenda kutafuta chakula. Sina ubaya na sanamu hiyo. Lakini Jilfidan humkuti mle shimoni. Yeye alivaa hariri. Katika jumba la Mtoni alipewa mabinti wa Sultani wa rika lake acheze nao, akafundishwa kusoma, na alipokua akawa suria wa mwenye nyumba, yaani mjakazi anayelala na bwana wake bila ndoa. Mwaka 1844 akamzaa Salme.

Hapo ndipo watu huniambia: basi huyo alibahatika. Nimeshaambiwa hivyo kwenye vikao vya kahawa na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na mara nyingi anayesema ni mwanamume. Mimi huuliza swali moja tu: aliulizwa lini? Aliingia nyumba ile ana mapengo ya meno ya utoto, na aliyemlea ndiye aliyekuja kulala naye. Katikati ya hayo mawili hakuna mahali ambapo neno lake lingeweza kubadilisha kitu. Hata Salme mwenyewe, msomi, jasiri, mwanamke aliyeondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, aliandika kuutetea utumwa wa nchi za Mashariki akisema usifananishwe na ule wa Marekani. Ni kurasa ninazozisoma kwa shida. Mama aliyemwandika kwa huruma ile yote, na kile kilio cha mdogo wake mpaka jioni, halafu mlango wa pili anatetea biashara iliyomleta.

Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Hata mmoja hakutoka kwa mke wake mkubwa wa ndoa, Azza binti Seif. Mama zao ni masuria. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walioshika kiti mmoja baada ya mwingine, wote walizaliwa na wanawake waliofikishwa ikulu kama bidhaa. Nasaba ikahesabiwa kwa baba, mama wakafifia. Ukitaka kujua kwa nini habari za wanawake hawa ni chache, anzia hapo: waliingizwa ndani, mlango ukafungwa, jambo likaitwa la kifamilia.

Sasa nije kwa ambao hawakuvaa hariri.

Swema alikuwa mtoto wa Kiyao. Habari zake ziliandikwa na Padre Anton Horner wa shirika la Roho Mtakatifu, Unguja, katikati ya miaka ya 1860. Baba yake aliuawa na simba. Nzige wakala mashamba. Mama yake, mjane sasa, akakopa nafaka kwa jirani, na mavuno hayakutosha kulipa. Msafara ulipopita, mwenye deni akamdai mtoto, akamuuza palepale kwa nguo. Mama akafanya jambo ambalo kila nikilisoma lazima nisimame kidogo: akaomba naye achukuliwe. Akajitwisha pembe ya ndovu, akaingia utumwani kwa miguu yake ili asiachane na mwanawe.

Hakufika. Nguvu zilipomwishia, wenye msafara hawakuona sababu ya kumlisha mtu asiyebeba. Walimwacha njiani, na Swema, aliyetaka kubaki naye, akaondolewa kwa kipigo. Kilwa akapandishwa jahazi. Kila kichwa kilikuwa na ushuru wake forodhani, na mgonjwa asiyetarajiwa kupona hakuna aliyetaka kumlipia. Swema alifikishwa Unguja akiwa taabani. Wakamviringisha katika mkeka, wakamzika kwenye kaburi la juu juu, akiwa hai. Kijana aliyekuwa akipita akasikia sauti, akafukua, akampeleka kwa masista wa misheni.

Padre anaendelea kusimulia kwamba baadaye binti huyo, akiwauguza wagonjwa wa misheni, alikutana na Mwarabu aliyemsafirisha, naye amejeruhiwa, akamsamehe. Inawezekana. Lakini mwisho huo unamfaa mno padre aliyekuwa akiomba michango Ulaya, na mimi humsoma nikiwa na shaka kidogo hapo. Ninachomwamini bila shaka ni yule mama na ile pembe. Hakuna mchangaji wa Paris aliyehitaji kujua kwamba chanzo cha yote kilikuwa deni la nafaka, na kwamba aliyeuza alikuwa jirani.

Na hapo pana jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani. Si kila msichana alitekwa usiku kwa bunduki. Wengi walitolewa. Deni, kesi, fidia ya kifo, njaa: kila ukoo ulipobanwa, uliangalia nani anaweza kutolewa bila ukoo kuvunjika, na jicho likamwangukia binti. Wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1880, Wamijikenda wa nyuma ya Mombasa waliweka watoto rehani kwa watu wa mjini ili wapate chakula, kwa matumaini ya kuwakomboa mvua ikirudi. Ukiwa rehani bado una ukoo, lakini mwenye kukushika ndiye mwenye nafaka, na siku zikizidi unazidi kuwa wake.

Bwanikwa, mtoto wa Kiluba, aliingia kwa mlango huohuo. Mke wa baba yake alifariki, wakwe wakadai malipo ya watumwa, na baba hakuwa na idadi kamili. Akamtoa binti yake kujazia hesabu. Alikusudia kumkomboa, hakuweza. Huo ulikuwa mwanzo tu. Alipita mikono hadi mikono katika dola la Msiri kule Bunkeya, Katanga, naye Msiri alikuwa mtu wa kwetu, Msumbwa aliyetoka Unyamwezi magharibi na kujijengea ufalme kwa shaba, pembe na watu. Mmisionari Mskoti, Dugald Campbell, aliyeandika habari zake, alihesabu kwamba Bwanikwa alikuwa mtumwa mara kumi. Kila mara mwenye nguvu alipokufa au kushindwa, wanawake waliokuwa chini yake waligawanywa upya. Msiri mwenyewe alipouawa Desemba 1891, waliobaki bila ulinzi kabisa ni wale waliokuwa ndani ya boma lake.

Njiani hali ilikuwa moja kwa wote, ila si sawa kwa wote. Mwanamume alibeba pembe. Mwanamke alibeba pembe au chombo, na mtoto mgongoni, na akichoka alichaguzwa kimoja. Juni 1866, David Livingstone akipanda na njia ya Ruvuma alikuta maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Wenyeji walimweleza kuwa alishindwa kwenda sambamba na wenzake. Ukijiuliza kwa nini waliofungwa mitini watajwe sana wanawake, rudi kwenye hesabu ya mizigo.

Sokoni nako. Nahodha Mwingereza Thomas Smee alifika Unguja mwaka 1811 na kueleza alivyoona. Watumwa walipangwa mstari, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Walikuwa wamepakwa mafuta mwili mzima, nyuso zimechorwa mistari myekundu na myeupe, na mikononi wana vikuku vya mwenye mali, vya siku hiyo tu. Msafara unazunguka mtaani, mnadi anataja bei. Mnunuzi akivutiwa, mstari unasimama. Anafungua mdomo wa msichana na kutazama meno, kisha anashika viungo kimoja kimoja, na Smee anasema wazi kwamba matiti ya wasichana hayakuachwa. Akimalizana naye, anamtazama akitembea. Akikataa, yule msichana anarudi kwenye mstari na kungoja mwingine.

Waliokwenda shamba walikuta karafuu. Kazi ya kuchambua, kutenga karafuu na vikonyo, ilikuwa ya wanawake kwa sehemu kubwa, na kuanika, na kuanua mvua ikitishia. Desturi ya Unguja iliwapa watumwa wa shamba Alhamisi na Ijumaa walime vijishamba vyao. Wengi hulitaja hili kama wema. Ni siku mbili za kujilisha, ili bwana asilazimike kukulisha siku saba. Kwa mwanamke mwenye watoto siku hizo mbili zilikuwa za kulima, kutwanga, kufua, kuchota maji na kutafuta kuni.

Waliobaki mjini walichota maji visimani, walipika, walinyonyesha watoto wa wenyewe, au walikodishwa kwa kazi za bandarini na kurudi jioni na pesa ya kumpa mwenye mali. Lamu na Mombasa mabibi wa daraja walitoka nyumbani chini ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, asionekane hata kidole. Shiraa haiendi yenyewe. Waliozishika nguzo zake walikuwa wajakazi, wakitembea nje ya kitambaa, kichwa wazi, wakitazamwa na kila mtu. Nimekaa sana na taswira hiyo. Heshima ya mwanamke mmoja ilihitaji wanawake wanne wasio na ruhusa ya heshima.

Kwa hiyo niseme na hili: waliowamiliki hawakuwa wanaume peke yao. Bi mkubwa alimiliki. Kiboko cha jikoni kilikuwa mkononi mwake, na wivu wake juu ya kijakazi aliyeitwa chumbani na bwana ulimwangukia kijakazi, si bwana.

Nguzo ya mfumo mzima ilikuwa tumbo. Mtoto alifuata hali ya mama. Mwanamume huru akioa mjakazi wa mtu, watoto wake walizaliwa mali ya yule mtu. Mjakazi hakuolewa bila idhini ya bwana wake, na mahari yakitolewa yalikuwa ya bwana. Mlango mmoja tu ulikuwa tofauti: mtoto wa bwana mwenyewe, akimkubali, alizaliwa huru, akarithi sawa na ndugu zake, na mama yake hakuruhusiwa kuuzwa tena, akawa huru bwana akifa. Watetezi wa desturi hupenda kusimama hapo. Mimi naona jinsi mlango ule ulivyofungwa kwa komeo la ndani: uhuru wa mwanamke ulipatikana kwa kulala na aliyemnunua, kushika mimba yake, kuomba aikubali, kisha kungoja afe. Asiyeshika mimba? Aliyekataliwa?

Mwaka 1873 Barghash alibanwa na Waingereza, akatia saini mkataba, masoko yakafungwa. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Tunafundishwa mwaka huo shuleni, tunauandika kwenye mtihani. Ambacho hatufundishwi ni kwamba amri ile ilikuwa na tundu lenye umbo la mwanamke. Masuria waliondolewa. Amri ilisema wahesabiwe kama wake wa nyumba, wabaki walipo, isipokuwa suria akithibitisha mahakamani kwamba anafanyiwa ukatili. Asiye na mtoto angeweza kukombolewa, nako kwa idhini ya mahakama.

Fikiria utaratibu wenyewe. Mwanamke asiyetoka nje bila ruhusa atoke aende mahakamani. Mahakama ni ya liwali, mtu wa tabaka lile lile la mabwana, pengine aliyekunywa kahawa barazani kwa bwana wake juzi. Athibitishe ukatili uliotendeka chumbani. Na mashahidi wake ni nani? Wajakazi wenzake.

Waingereza walijua wanachofanya. Walitaka fidia ilipwe, karafuu zichumwe, na wakubwa wa Kiarabu wasikasirike. Wanaume wa shamba wangeweza kugeuzwa vibarua, hesabu ikaenda. Lakini kuingiza mkono ndani ya nyumba ya bwana na kumtoa mwanamke wake, hapo serikali ikaona haya. Ilisingizia dini na heshima ya ndoa. Nasema ilisingizia kwa sababu mambo mengine ya watu hawa wala haikuyaonea haya.

Hata wale walioweza kwenda kudai, wanaume kwa wanawake, waliulizwa waonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo wahesabiwe wazururaji. Mwanamume angesema ana jembe, ana bandari. Mwanamke aliyelelewa jikoni kwa watu angesema nini ambacho hakimu asingekitafsiri kuwa umalaya? Wengi walihitaji mume ili wawe huru. Misheni nazo, pamoja na wema wao wote, zilienda njia hiyohiyo. Kule Bagamoyo kuanzia 1868, Mbweni, na Frere Town ya Mombasa iliyoanzishwa 1875, wasichana waliokombolewa majahazini walifundishwa kushona, kufua, kusali, kisha wakaozwa kwa vijana waliokombolewa kama wao. Kwa aliyefukuliwa kaburini, hiyo ni neema, sibezi. Ila angalia ni nani aliyekuwa akimchagulia.

Masuria wa Unguja walingoja hadi 1909, enzi za Sultani Ali bin Hamoud, ndipo amri ikawafikia. Miaka 12. Binti aliyekuwa na miaka kumi na minne mwaka 1897 alikuwa na ishirini na sita, na pengine watoto. Sasa akitaka kuondoka anaondoka, lakini watoto nasaba yao ni ya baba, nyumba ni ya baba. Nani angeondoka? Na wasomi wakaja kuandika kwamba masuria wengi "waliridhika kubaki".

Mimi ni mtu wa Pangani, na huku kwetu mambo yalikuwa ya ajabu zaidi, maana tulikuwa chini ya Mjerumani. Mjerumani hakuufuta utumwa hata siku moja. Alikataza kuteka, akagawa vyeti vya uhuru kwa maelfu, na Desemba 1904 akatoa amri kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Watoto tu. Mtoto aliyezaliwa Pangani usiku wa mwaka mpya wa 1906 alikuwa mtu huru anayenyonya ziwa la mtumwa. Dada yake aliyezaliwa wiki moja kabla alibaki mali ya mtu. Sheria iliyowafikia mama na dada huyo ilikuja na Mwingereza mwaka 1922. Kuna wazee niliowaamkia utotoni ambao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

Wanawake wenyewe hawakungoja karatasi zote hizo. Bwanikwa, baada ya kupita mikono yote ile, alijikuta mke wa mtu aliyemshika kama mtumwa. Akafinyanga vyungu, akauza, akaweka akiba, akamlipa mumewe thamani yake, akajikomboa. Nasema tena: alijinunua kwa mumewe. Ufinyanzi ulikuwa kazi ambayo mtaji wake ni udongo, na udongo haukuwa na mwenyewe.

Vyungu vinanipeleka Fumba, Unguja, ambako karibu mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike, baba mwenye asili ya Kinyamwezi na mama wa Kizigua, akapewa jina la Mtumwa. Alikua akitembeza vyungu vya mama yake, akinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Ndiye Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Shaaban Robert ameandika wasifu wake. Alipoanza kupata jina mjini, wenye roho mbaya walimwimbia wakimuuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyekuja kutoka shamba na kaniki.

Kaniki ile ndiyo iliyokusudiwa kumuumiza, zaidi ya tusi lenyewe. Mjakazi alivaa kaniki au merikani iliyotiwa rangi, nguo nzito, nyeusi nyeusi, aliyoifunga kifuani, kichwa wazi, mguu mtupu. Kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Baada ya 1897 duka la kanga lilipata wateja wapya. Mwanamke aliyepata pesa yake ya kwanza ya kibarua hakununua sufuria. Alinunua doti, moja akajifunga, nyingine akajitanda kichwani, akapita barabarani. Wapo waliolalamika siku hizo kuwa wanawake hawa ni wabadhirifu, kila leo maua mapya. Ningekuwa mimi ningenunua mbili.

Na walileta vyao. Unyago unaochezwa Unguja na mwambao mzima una nyimbo, ngoma na mafunzo yaliyokuja na wanawake wa bara, Wayao, Wamakua, Wazigua, Wanyasa. Mabinti wa waungwana, kabla ya kuolewa, walikalishwa chini na kufundishwa mambo ya mume na mwili na wanawake ambao miili yao wenyewe haikuwa yao. Ni jambo linalochekesha kwa uchungu, na sijui kama bibi harusi hata mmoja alilifikiria.

Miaka michache iliyopita palikuwa na posa katika ukoo wetu. Kijana wetu alimpata binti, msomi, mchapakazi, dini yake safi. Wazee wa kiume waliridhika haraka. Kikao cha wanawake ndicho kilichochelewa. Shangazi mmoja, simtaji, alivuta mkeka akasogea karibu, akapunguza sauti: "Mnawajua wale lakini? Wale wazalia. Mama mzaa babu yao alikuwa wa watu." Ukimya ukaingia. Kuna waliotazama chini. Mimi nilitazama mikono ya shangazi, maana yeye ndiye kungwi wetu, amewacheza wari wa nusu ya mtaa ule, na ngoma anazopiga zina maneno ya Kiyao ambayo hawezi kuyatafsiri. Nilipomuuliza siku za nyuma aliyafundishwa na nani, alisema na bibi yake. Na bibi yake? "Aliyakuta nyumbani."

Sikusema kitu mle ndani, kwa sababu alinitangulia bi mdogo wa marehemu babu, mwanamke wa maneno machache. "Na sisi wa nani?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu, wala yeye hakutaka kujibiwa. Akaagiza chai iletwe, mazungumzo yakahamia kwenye idadi ya sufuria.

Posa ilikubaliwa. Siku ya nikaha mahari yalifika kwenye bahasha, mjomba akanyoosha mkono kupokea kwa niaba ya familia kama ilivyo kawaida yetu. Bibi harusi akatuma mtu kutoka ndani kusema yaletwe kwake. Yakapelekwa. Alizihesabu noti mbele ya mashahidi wawili, moja moja, akazitia kwenye pochi yake, ndipo akasema amekubali. Shangazi alinong'ona kwamba binti hana haya.